Jalen Hurts enzi za chuo: benchi la Alabama, mbio za Oklahoma (uzi wa kiufundi)

Yadi Kumi (mleta uzi)

Wakuu, kila uzi wa futiboli ya Kimarekani humu unaanza vizuri halafu unaishia kwenye Super Bowl (fainali ya ligi ya kulipwa) na nani kalipwa dola ngapi. Huu naomba ubaki chuoni. Tumchambue Jalen Hurts, kijana wa Channelview, pembezoni mwa Houston, Texas, ambaye kocha wake wa sekondari alikuwa baba yake mzazi, Averion Hurts. Misimu 4: mitatu Alabama (2016 hadi 2018), mmoja Oklahoma (2019).

Watu wanamwita kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) kiraka kwa kuwa anarusha na anakimbia, basi mjadala umefungwa. Mimi naona wanachanganya mambo mawili. Miguu alikuja nayo kutoka nyumbani. Kilichochelewa ni kuuachia mpira kwa wakati, na hicho kilikomaa msimu ambao hakuanza hata mechi moja. Ukisoma takwimu zake bila kujua hilo, unaona mtu aliyepanda ngazi taratibu. Haikuwa taratibu hata kidogo.

Takwimu zenyewe hizi hapa, ili tusibishane kwa hisia (tachidauni ni kufikisha mpira mwisho wa uwanja; zilizonaswa ni pasi zilizodakwa na wapinzani):

2016: pasi 240 kati ya 382, yadi 2,780, tachidauni 23, zilizonaswa 9. Mbio 191, yadi 954, tachidauni 13.
2017: pasi 154 kati ya 255, yadi 2,081, tachidauni 17, iliyonaswa 1. Mbio 154, yadi 855, tachidauni 8.
2018: pasi 51 kati ya 70, yadi 765, tachidauni 8, zilizonaswa 2. Mbio 36, yadi 167, tachidauni 2.
2019: pasi 237 kati ya 340, yadi 3,851, tachidauni 32, zilizonaswa 8. Mbio 233, yadi 1,298, tachidauni 20.

Jumla yadi 9,477 za pasi na 3,274 za mbio. Karibuni.

Mgeni wa Mchezo

Mkuu, wengine ni watu wa soka. Kabla hamjapaa, kwotabeki akikimbia mwenyewe faida yake ni nini kuliko kumpa mpira mtu mwenye kazi ya kukimbia? Si ataumia?

Ngome ya Kushoto

Swali zuri, na jibu lake ndiyo roho ya uzi huu.

Kila upande una watu 11. Timu yenye mpira ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikifanikiwa inapewa mengine 4. Ikifika mwisho wa uwanja ni tachidauni, pointi 6, na shuti la nyongeza pointi 1.

Sasa hesabu vichwa. Kwotabeki akimkabidhi mpira mbeba mpira kisha akasimama kutazama, mbeba mpira anabaki na wazuiaji 9 mbele yake. Ulinzi una watu 11. Hata kila mzuiaji akimaliza kazi yake, wamebaki walinzi 2 huru. Mmoja kwa kawaida yuko nyuma kabisa. Huyo wa pili ndiye anayeua mchezo.

Kwotabeki akiwa ni yeye anayekimbia, mbeba mpira anageuka mzuiaji wa 10. Umemfuta mlinzi mmoja huru bila kuongeza mtu. Hiyo ndiyo maana ya kusema miguu ya Hurts iliipa Alabama mtu wa ziada.

Kuumia, ndiyo, ataumia. Ndiyo maana mwili wake una nafasi kwenye hadithi hii: alipopimwa kabla ya kuingia NFL, ligi ya kulipwa, alikuwa na kilo kama 100 kwa urefu wa sentimeta 185, yadi 40 kwa sekunde 4.59. Na tangu akiwa Alabama alijulikana kwa kuchuchumaa na chuma cha ratili 600, yaani kilo 272 hivi, mabegani.

Fundi wa Opsheni

Nakazia hapo kwa Ngome, maana kuna njia ya pili ya kumfuta mlinzi bila hata kumgusa. Inaitwa opsheni ya kusoma, na Hurts ameila mpaka mfupa.

Anasimama yadi 5 hivi nyuma ya mtu wa katikati, yule anayemrushia mpira kuanzisha mchezo. Mbeba mpira yuko ubavuni kwake. Wazuiaji wote wanasukuma upande mmoja, na kwa makusudi wanamwacha mlinzi wa ukingo wa upande wa pili bila mtu. Mpira ukifika, Hurts ananyoosha mikono yote miwili na kuuingiza tumboni kwa mbeba mpira, bado hajauachia. Macho hayapo kwenye mpira. Yapo kwenye mabega ya yule mlinzi aliyeachwa.

Mabega yakigeukia ndani, yaani mlinzi anamkimbilia mbeba mpira, Hurts anauchomoa na kupita pale pale mlinzi alipotoka. Mabega yakibaki yametazama mbele, anauacha tumboni. Yote hayo chini ya sekunde moja, huku wakisogea.

Linaloharibika huwa ni moja kati ya haya. Kwanza, kusitasita: kwotabeki anavuta, mbeba mpira naye amefunga mikono, mpira unaanguka. Mbeba mpira anatakiwa kubana kwa wepesi tu, kama mtu anayeshika yai, mpaka ahisi mkono wa mwenzake umetoka. Pili, mtego wa kubadilishana: mlinzi wa ukingo anaingia ndani makusudi ili kwotabeki auchomoe, na lainibeka (mlinzi wa safu ya pili) tayari amezunguka nje anamsubiri. Kwotabeki anaona amesoma sawasawa, kumbe amesomwa yeye. Dawa yake ni kumtuma mzuiaji mmoja, mara nyingi yule wa pembeni anayeweza pia kupokea pasi, ampite mlinzi wa ukingo bila kumgusa na kwenda moja kwa moja kwa lainibeka. Tatu, ulinzi kuamua kwamba kwotabeki apigwe kila mara, awe na mpira au hana. Hiyo haina dawa nzuri zaidi ya kuwa na mapaja ya Hurts.

Mgeni wa Mchezo

Hapo kwenye yai nimeelewa. Endeleeni.

Mama Takwimu

Nyongeza kabla watu hawajalinganisha hizo yadi za mbio na za NFL. Chuoni, kwotabeki akiangushwa nyuma kabla hajarusha, yadi zilizopotea zinatolewa kwenye MBIO zake, na inahesabika kama mbio moja. NFL zinatolewa kwenye pasi za timu. Mfano: akikimbia mara 3, kila mara yadi 10, halafu akaangushwa yadi 8 nyuma, kitabu cha chuo kinaandika mbio 4, yadi 22. Kwa hiyo yadi 954 za 2016 ni baada ya makato. Alichokimbia kwa miguu yake ni zaidi ya hapo.

Na kwa wanaotaka kupima urushaji wake kwa namba moja, fomula ya chuo ni hii: yadi mara 8.4, jumlisha tachidauni mara 330, jumlisha pasi zilizofika mara 100, toa zilizonaswa mara 200, gawa kwa pasi zote alizorusha. Ya 2019:

3,851 × 8.4 = 32,348.4
32 × 330 = 10,560
237 × 100 = 23,700
toa 8 × 200 = 1,600
jumla 65,008.4, gawa kwa 340 = 191.2

Fanyeni hivyo hivyo misimu mingine mtapata 139.1 (2016), 150.2 (2017) na 196.7 (2018).

Kocha wa Kijiweni

Mama, heshima yako. Ila hiyo 196.7 ya 2018 tusiishangilie sana. Ni pasi 70, na nyingi alirusha Alabama ikiwa inaongoza kwa mbali, Tua Tagovailoa, kwotabeki aliyechukua namba yake, ameshapumzishwa. Hata mimi ulinzi uliokata tamaa naupigia pasi.

Mama Takwimu

Kwa uchache wa pasi nakubali. Kwa kukata tamaa, subiri tufike tarehe 1 Desemba 2018.

Yadi Kumi

Twende kwa mpangilio basi.

2016. Alikuwa amejiunga chuo Januari, miezi kadhaa kabla ya wenzake wa rika lake. Mechi ya kwanza dhidi ya USC pale Arlington alianza Blake Barnett. Hurts akaingia, mchezo wake wa kwanza kabisa akadondosha mpira na USC wakauchukua. Kocha mwingine angemrudisha benchi. Nick Saban alimwacha, akarusha tachidauni 2 na kukimbia nyingine 2, mechi ikaisha 52-6. Kuanzia mechi ya pili kiti kikawa chake, na mwisho wa msimu akachukua tuzo ya mshambuliaji bora wa ligi ya SEC.

Ila tazameni mechi mbili za mwisho, pale ulinzi ulipokuwa na wiki kadhaa za kumsoma. Nusu fainali na Washington: wameshinda 24-7, lakini yeye karusha yadi 57 tu. Fainali na Clemson, 9 Januari 2017: pasi 13 kati ya 31, yadi 131. Na kati ya hizo 131, 68 ni pasi moja kwa O.J. Howard. Toa hiyo, zinabaki pasi 12 kwa yadi 63. Zikiwa zimebaki dakika 2 na sekunde 7 akakimbia yadi 30 na kuiweka Alabama mbele 31-28. Miguu ikaokoa. Deshaun Watson, kwotabeki wa Clemson, akajibu kwa pasi kwa Hunter Renfrow ikiwa imebaki sekunde 1. 35-31.

Mkimbio huo wa yadi 30 ulifanya watu wasione zile pasi 18 zilizoanguka.

Ngome ya Kushoto

Tuwe waungwana pia. Lane Kiffin, kocha wa mashambulizi, aliondoka kati ya nusu fainali na fainali, akaingia Steve Sarkisian kwa mechi moja. Msimu uliofuata Brian Daboll. 2018 Mike Locksley. 2019 Oklahoma kwa Lincoln Riley. Hesabu: makocha wa mashambulizi 5 ndani ya misimu 4. Kila mmoja ana majina yake ya michezo, hesabu zake za hatua, mpangilio wake wa nani anatazamwa kwanza. Kwotabeki anajifunza lugha upya kila Februari.

Kocha wa Kijiweni

Lugha mpya sawa, lakini tatizo lenyewe lilikuwa lile lile kwa wote watano. Nalieleza ili tusizunguke.

Pasi ya kawaida, kwotabeki akiwa yadi 5 nyuma, ni hatua 3 kurudi, anajikita, macho kwa mpokeaji wa kwanza. Hayuko huru? Kimguu kidogo mbele, macho kwa wa pili. Hayuko huru? Wa tatu. Mpira uwe umetoka ndani ya sekunde 3 hivi, maana baada ya hapo hata wazuiaji bora wanaanza kupitwa. Jambo la msingi: unarusha kwa mtu ATAKAYEKUWA huru, mpira uondoke kabla hajageuka.

Hurts wa 2016 na 2017 alikuwa anasubiri amwone mtu yuko huru kabisa ndipo arushe. Wa kwanza akibanwa, anashusha mpira na kukimbia. Dhidi ya timu nyingi hiyo inatosha, anapata yadi 8 watu wanapiga makofi. Dhidi ya ulinzi mkubwa haitoshi, kwa sababu wao hawamkimbilii ovyo. Walinzi wa ukingo wanasukuma taratibu, hawampiti kwotabeki kwenda nyuma yake, wanalinda kila mmoja mlango wake. Lainibeka mmoja kazi yake ni kumtazama yeye tu, akienda kushoto naye kushoto. Wa nyuma wanacheza maeneo, uso kwa kwotabeki, si mgongo. Sasa milango ya kukimbilia imefungwa, na jicho halijazoea wa tatu. Anabaki ameshika mpira.

Na ile pasi 1 tu iliyonaswa msimu mzima wa 2017, watu wanaisifia kama nidhamu. Upande mmoja ni nidhamu. Upande wa pili ni mtu asiyejaribu pasi ngumu. Pasi 255 katika mechi za msimu mzima ni kidogo.

Fundi wa Opsheni

Umemaliza mkuu. Ndiyo 8 Januari 2018 hiyo, Atlanta, fainali na Georgia. Nusu ya kwanza: pasi 3 kati ya 8, yadi 21, Alabama 0, Georgia 13. Saban akamtoa mtu mwenye rekodi ya kushinda mechi 25 na kupoteza 2, akamwingiza Tua wa mwaka wa kwanza. Pasi 3 za tachidauni. Kwenye muda wa nyongeza Tua akaangushwa yadi 16 nyuma, jaribio la pili na yadi 26, akarusha yadi 41 kwa DeVonta Smith. 26-23.

Kichekesho cha vitabu: kwa kuwa Hurts ndiye aliyeanza, ushindi ule umeandikwa kwake. Ndiyo maana rekodi yake Alabama inasomeka 26-2.

Angalieni tachidauni ile ya mwisho ilivyokuja. Tua alitazama kulia kwanza, mlinzi wa nyuma akavutika, kisha akageuka kushoto akarusha. Yule mlinzi alihamishwa kwa macho. Hicho ndicho Hurts hakuwa nacho usiku ule.

Mgeni wa Mchezo

Kwa nini hakuhama pale pale? Kwenye soka mtu akinyang'anywa namba namna hiyo, dirisha likifunguliwa anaondoka.

Mama Takwimu

Kwa sababu ya kanuni, na alizicheza vizuri kuliko wengi.

Mchezaji wa chuo ana misimu 4 ya kucheza. Kipindi kile, ukihama kabla ya kumaliza shahada, kwa kawaida unakaa mwaka mzima bila kucheza. Ukihama ukiwa tayari umehitimu, unacheza mara moja. Hurts alikuwa ameanza masomo Januari 2016, kwa hiyo Desemba 2018 angeweza kuhitimu. Akihama kabla, anapoteza 2018 yote. Akibaki, anamaliza shahada na bado ana msimu mmoja mkononi.

Halafu 2018 ikaja kanuni mpya: ukicheza mechi zisizozidi 4, msimu huo hauhesabiwi. Kelly Bryant wa Clemson aliitumia hivyo hivyo. Aliposhushwa chini ya Trevor Lawrence, baada ya mechi 4 akaondoka, akatunza msimu wake na kwenda Missouri. Wengi walitegemea Hurts afanye vile vile. Mechi ya 5, dhidi ya Louisiana mwisho wa Septemba, akaingia uwanjani. Msimu ukahesabiwa. Alijua.

Yadi Kumi

Na mwaka ule wa benchi kocha wa makwotabeki alikuwa Dan Enos. Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mtu wa akiba hapewi michezo mingi ya kukimbia, timu haitaki kumvunja mbadala. Anachobaki nacho ni kusimama na kurusha. Miguu ikawekwa kabatini kwa lazima.

Sasa njoo 1 Desemba 2018. Fainali ya SEC. Uwanja ule ule wa Atlanta, mpinzani yule yule Georgia, mwaka ule ule wa 2018, ila nafasi zimebadilishana. Tua ameumia kifundo cha mguu, robo ya nne, Alabama nyuma 28-21. Hurts anaingia.

Usitazame tu kwamba alishinda. Tazama alivyorusha. Hakukimbia pasi ya kwanza ilipokuwa ngumu. Alikaa, akapita kwa wa pili, akasogea ndani ya poketi (kinga ya wazuiaji wanaomzunguka) bila kushusha mpira, macho juu. Tachidauni ya kusawazisha ni yadi 10 kwa Jerry Jeudy: jaribio la tatu, poketi inabomoka, anasogea kulia, bado anatafuta, anarusha kwenye upenyo mwembamba. Hurts wa Januari angekuwa ameshakimbia sekunde nzima kabla.

Georgia wakajaribu ujanja wa kujifanya wanaupiga mpira mbali kwa mguu, jaribio la nne na yadi 11, Justin Fields akapewa mpira moja kwa moja. Wakakamatwa katikati ya uwanja. Hurts akawashusha, na ikiwa imebaki dakika 1 na sekunde 4 akakimbia yadi 15 hadi ndani. 35-28. Miguu safari hii ilikuja mwisho, baada ya mkono kuwalazimisha walinzi wakae nyuma.

Pasi 7 kati ya 9. Kocha wa Kijiweni, ule ulinzi ulikuwa umekata tamaa?

Kocha wa Kijiweni

Hapana. Hapo nanyoosha mikono. Ila Oklahoma sinyooshi.

Kabla yake kwa Riley walipita Baker Mayfield na Kyler Murray. Wote walichukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, na wote walikuwa wa kwanza kuchaguliwa timu za NFL zilipogawana wachezaji wa chuo. Mayfield 2017 kwa fomula ya Mama ni 198.9. Murray 2018 ni 199.2. Hurts 191.2. Yaani mtambo ule ulikuwa unatoa namba hizo kwa yeyote, na yeye ndiye wa chini kati ya watatu.

Ngome ya Kushoto

Hapana mkuu, mtambo haukuwa ule ule. Murray alikimbia mara 140. Hurts mara 233. Riley alibadilisha kitabu kwa ajili yake.

Mchezo wao mama ulikuwa kaunta, chini ya kocha wa wazuiaji Bill Bedenbaugh. Gadi (mzuiaji anayekaa ubavuni mwa mtu wa katikati) na mzuiaji wa pembeni yake wanachomoka kutoka upande mmoja wa mstari, wanakimbia nyuma ya wenzao kwenda upande wa pili. Gadi anampiga mlinzi wa ukingo nje, kama anafungua mlango. Mwenzake anaingia kwenye mlango huo kumtafuta lainibeka. Kwa kawaida anayewafuata ni mbeba mpira. Kwa Hurts, mara nyingi anayewafuata ni kwotabeki mwenyewe, na mbeba mpira anakimbia upande wa PILI kama amepewa mpira. Kwotabeki anamsoma mlinzi wa upande ule: akimfuata mbeba mpira, Hurts anabaki na mpira na kuingia mlangoni nyuma ya watu wawili wenye kilo zaidi ya 130 kila mmoja.

Linaloharibika: gadi akichelewa nusu hatua, mlinzi wa ukingo anaingia na kuziba mlango, wote wanarundikana. Ndiyo maana gadi anatakiwa achomoke kwa mguu wa upande anaokwenda, hatua ya kwanza iwe fupi na ya kurudi nyuma kidogo, asijikwae na mtu wa katikati. Linaloharibika la pili ni mbeba mpira kutoigiza. Akikimbia kichovu, hakuna anayedanganyika.

Na juu ya hapo unaning'iniza pasi. Kanuni ya chuo inawaruhusu wazuiaji wawe hadi yadi 3 mbele ya mstari mpira ukirushwa. NFL ni yadi 1. Yadi hizo 2 za ziada ndizo zinazofanya mlinzi asijue kama ni mbio au pasi. Lainibeka akipiga hatua mbele kuziba kaunta, mpokeaji CeeDee Lamb anapita mgongoni mwake. Pasi fupi, yadi nyingi. Yadi 11.3 kwa kila pasi iliyorushwa 2019, kutoka 7.3 mwaka 2016. Mtambo ulisaidia, ndiyo. Lakini mtambo huo unamhitaji mtu ambaye ulinzi unamwogopa kwa miguu kwanza.

Fundi wa Opsheni

Mechi ya kwanza tu, 1 Septemba 2019 na Houston: pasi 20 kati ya 23, yadi 332, tachidauni 3. Mbio 16, yadi 176, tachidauni 3. Ndani ya mechi moja. 49-31.

Mama Takwimu

Msisahau upande wa pili wa daftari. Mbio 233 ni mara 233 za kupigwa, na mpira ukidondoka hauna cha Heisman. 16 Novemba na Baylor walikuwa nyuma 28-3, wakaenda mapumziko 31-10, kisha wakafunga pointi 24 bila jibu na kushinda 34-31. Pasi zake 4 za tachidauni ndizo wanazozikumbuka watu. Mechi hiyo hiyo aliupoteza mpira zaidi ya mara moja, na hilo ni sehemu ya sababu ya kuwa nyuma.

Mpira ule una urefu wa sentimeta 28 hivi na uzito wa gramu 400 na kidogo. Unashikwa sehemu tano: vidole juu ya ncha, kiganja, mkono wa mbele, msuli wa juu, mbavu. Sehemu moja ikiachia, mtu akiupiga ngumi kutoka nyuma unatoka. Mbeba mpira anafundishwa hivyo tangu utotoni. Kwotabeki ana tatizo la ziada: anaanza ameushika kwa kurusha, ncha wazi, mikono mbali na mwili, halafu anaamua kukimbia. Kati ya kurusha na kuufunga mbavuni kuna sekunde nusu ya hatari. Wanaojua wanapiga hapo.

Kocha wa Kijiweni

Na nusu fainali? 63-28 na LSU, 28 Desemba 2019. Mapumziko tayari 49-14. Yeye pasi 15 kati ya 31.

Yadi Kumi

Joe Burrow wa LSU alirusha tachidauni 7 nusu ya kwanza ile. Kwotabeki wa upande wa pili angefanya nini, akakabe? Ila nakupa haki yako: walipoachwa mapema, ulinzi haukuwa na sababu ya kuogopa mbio, na ile hesabu ya Ngome ya mtu wa ziada ikafa. Kiraka anauma pale mechi ikiwa karibu. Ukiwa nyuma kwa pointi 35 unabaki mrushaji wa kawaida, na mwaka ule mrushaji wa kwanza nchini alikuwa Burrow. Heisman ilikwenda kwake, Hurts wa pili.

Mgeni wa Mchezo

Sasa nani kiraka zaidi, yeye au Lamar Jackson?

Fundi wa Opsheni

Lamar wa Louisville 2016: yadi 3,543 za pasi, 1,571 za mbio, tachidauni 30 na 21. Heisman. Kwa kasi hakuna wa kumgusa. Tim Tebow wa Florida 2007: tachidauni 32 za pasi na 23 za mbio, na pasi 32 ni sawasawa na Hurts wa 2019. Hurts anafanana na Tebow kwa mwili, mbio za nguvu katikati, yadi 2 za mwisho. Tofauti ni kwamba Hurts alirekebisha urushaji akiwa bado chuoni.

Kuna na Taysom Hill wa BYU, ambaye NFL walimpanga kurusha, kupokea, kuzuia, hadi kwenye timu ya mipira ya kupigwa. Huyo ndiye kiraka kwa maana ya kijiweni. Hurts ni kwotabeki tu, mwenye silaha mbili.

Mama Takwimu

Hurts alichaguliwa NFL namba 53, raundi ya pili, Philadelphia, 2020. Watu 52 walichaguliwa mbele yake. Wasaka vipaji wa NFL walisema anashika mpira muda mrefu. Hawakukosea sana, ndivyo alivyokuwa. Walichokosea ni kudhani kitu hicho hakirekebishiki kwa mtu ambaye alikuwa ameshakirekebisha mara moja mbele ya macho yao.

Nisiseme zaidi, mleta uzi katuzuia na Super Bowl.

Yadi Kumi

Asante Mama, maana nilikuona unainyemelea.

Mgeni wa Mchezo

Swali la mwisho wakuu. Nikitaka kutazama mechi zake chache mtandaoni nione haya mliyosema, nianze na zipi, na nitazame wapi? Nikitazama mpira naupoteza kila mara.

Ngome ya Kushoto

Usitazame mpira, ndiyo maana unaupoteza. Anza na nusu ya kwanza ya Georgia, Januari 2018. Hesabu kichwani tangu mpira unapoanzishwa: moja, mbili, tatu. Ukifika tatu na bado ameushika, tazama wapi miguu yake imeelekea. Kisha ruka moja kwa moja hadi robo ya nne ya Desemba 2018 na uhesabu tena.

Halafu Houston 2019. Hapo kabla mpira haujaanzishwa tafuta mlinzi wa ukingo ambaye hakuna mtu mbele yake. Mkazie macho huyo, mabega tu. Ukiyaona yanageukia ndani, hamisha macho pale alipotoka. Hurts utamkuta hapo.

Mgeni wa Mchezo

Nimeweka Houston. Mchezo wa kwanza nimemkosa, wa tatu nimemwona kabla ya kamera.